Pipa la Bado

Mimi Visitación Arnáez, Visi kwa wanaonipenda na kwa wasionipenda, ni mkuu wa ghala la divai la Doña Casilda hapa mjini Haro. Mwaka huu ni wa ishirini na sita, na katika muda wote huo sijapoteza pipa hata moja. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba aliyemwaga pipa la saba juu ya vichwa vya mji mzima si mimi. Ni mdogo wangu Goyo. Mimi niliandika herufi tu.

Herufi yenyewe ndiyo yenye mambo, na mambo yanaanzia kwa Satur.

Satur ni fundi mapipa. Karakana yake iko ng'ambo ya reli, na ukipita pale asubuhi utasikia nyundo, ko-ko-ko, halafu kimya, halafu yeye mwenyewe akiimba vibaya. Ni mtu mfupi, kifua kipana, kipara kinachong'aa, na masharubu makubwa kuliko yanavyohitajika. Miaka tisa iliyopita, mwezi wa Oktoba, katikati ya mavuno, alitokea mlangoni kwetu akibingirisha pipa moja. Mapipa mengine huyaleta kumi kumi juu ya lori. Hili alikuwa amelibingirisha kwa mikono yake, barabara nzima, kavaa shati la Jumapili.

"Visi," akasema, anahema, "mbao za pipa hili zimekaa uani kwangu miaka minne, zinanyeshewa na kuanikwa. Ndani nimelichoma kwa moto mdogo, sikuharakisha. Halina gundi, halina msumari. Nimelitengeneza kwa ajili yako. Nataka nikuoe."

Mbele ya watu! Wachumaji zabibu ishirini wamesimama na ndoo zao, midomo wazi. Mimi nina siku tatu sijalala vizuri, nimejaa juisi ya zabibu mpaka kwenye nyusi, na akili yangu yote iko kwenye matangi. Nikamjibu kama mkuu wa ghala badala ya kumjibu kama mwanamke.

"Tulijaze kwanza," nikasema. "Divai ya humu ikiiva, nitakujibu."

Wachumaji wakapiga makofi. Satur akacheka mpaka masharubu yakacheza. "Mwaka na nusu, ukizidi sana miwili," akasema. "Hiyo si kitu, mama. Mimi ni mtu wa mbao za mwaloni, kungoja nimezoea."

Loh, maskini.

Pipa nikalijaza divai bora ya mwaka ule, nikaliweka kwenye safu ya ukutani, la saba kutoka mlangoni, likakaa pamoja na mengine mia nne yaliyofanana nalo kama mayai. Divai changa haina adabu. Inauma ulimi, na kila ladha inataka kuongea ya kwanza. Ukiitia kwenye mwaloni inafundishwa polepole: mbao zinapumua, hewa chembe inaingia, divai chembe inatoka, na katika kubadilishana huko ukali unalainika. Mwaloni nao unaacha harufu yake, vanila kidogo, nazi kidogo, na moshi wa ule moto wa Satur. Kila baada ya miezi sita tunaihamishia kwenye pipa safi, tunaosha la kwanza, tunairudisha. Mimi huchuchumaa na glasi mkononi na mshumaa nyuma ya glasi. Divai inashuka inang'aa, inang'aa, halafu mwali wa mshumaa unafifia ghafla kwa sababu mashapo yamefika, nami napiga kelele, "Funga!" Hiyo ndiyo kazi yangu, na naipenda kuliko kula.

Na kila tarehe ishirini na nane Juni, siku moja kabla ya sikukuu ya San Pedro, tunaonja na kuamua. Nina alama tatu za chaki ninazoziandika kwenye uso wa pipa. E ni ya *embotellar*, yaani imeiva, tia chupani. Msalaba maana yake imeharibika, imeelekea kuwa siki, itupwe. Na T ni ya *todavía*, yaani bado: rudi ulale, tutaonana mwakani.

Pipa la saba lilipata T mwaka wa kwanza, ikastahili. Likapata T mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, nazo zikastahili, maana ile ilikuwa divai ya mifupa mikubwa, haikuwa na haraka. Lakini mji ulikuwa umeanza kuhesabu. Naingia kununua mkate, mama muuza mikate ananiuliza kabla ya salamu, "Bado?" "Bado." Napita kwa muuza nyama, anapunga kisu hewani: "Dada Visi, ngoja ngoja huumiza matumbo!" "Ya nani, yako au yangu?" namjibu. Hata padri! Nimepiga magoti kwenye kitubio, nimemaliza dhambi zangu zote, naye ananong'ona nyuma ya kile kidirisha, "Na lile pipa, mwanangu?"

Satur mwenyewe hakuwahi kunisumbua. Mara moja tu kwa mwaka, tarehe hiyo hiyo, alikuja ghalani, akavua kofia, akasikia neno lile, akavaa kofia, akaenda zake.

Mwaka huu alikuja na shati la Jumapili. Lile lile la miaka tisa iliyopita. Vifungo vya tumboni vilikuwa vinaomba msaada.

"Karakana nimeifunga," akasema. "Mpwa wangu ananiita Jerez, huko kusini. Wana mapipa ya kurekebisha mpaka basi, na mafundi hawana. Nina miaka sitini na nne, Visi. Treni ni keshokutwa." Akavua kofia. "Isipokuwa kama imeiva."

Doña Casilda alikuwa amekaa kwenye kiti chake, fimbo katikati ya magoti. Ana miaka themanini na mbili na ghala ni lake, kwa hiyo akitaka kumwambia mtu kitu huliambia dari. "Mwaloni ukizidi unakula divai," akaliambia dari. "Nimeshaona mapipa yaliyongojwa mpaka zikabaki mbao."

Nikatumbukiza mrija wa kioo pipani, nikavuta, nikamimina kwenye glasi, nikaiinamisha mbele ya mshumaa. Ukingoni ilikuwa imegeuka rangi ya tofali, katikati bado nyekundu. Nikanusa. Cheri zilizokaushwa, ngozi ya tandiko la farasi, kabati la bibi yangu, nazi, moshi. Nikaonja.

Jamani! Nilitaka kucheka. Nilitaka kupanda juu ya pipa nicheze na viatu vyangu vya mpira. Ilipita ulimini laini, ikaingia kooni, halafu ikarudi tena kuniuliza kama nimeielewa. Ilikuwa imeiva. Tena haikuiva siku ile. Iliiva mwaka juzi, na mwaka juzi nililijua hilo nikasema bado, na mwaka jana nikalijua zaidi nikasema bado kwa sauti kubwa zaidi.

Niliogopa, basi. Divai ikiwa pipani unayo mkononi: unaionja, unaihamisha, unaijazia inapopungua, ikikosea unaisahihisha. Ukishaitia chupani ukaiziba, mamlaka yako yamekwisha. Itaishi gizani peke yake miaka mitano, kumi, ishirini. Itakuwa bora au itaharibika, nawe huna la kufanya isipokuwa kuamini. Kwa divai ya Doña Casilda nimeamini mara elfu. Kwa maisha yangu mwenyewe nilishindwa. Nina miaka hamsini na saba, nimezoea sufuria yangu na ukimya wangu, na Satur alikuwa pale kila mwaka, kofia mkononi, ananipenda bila hatari yoyote. Kwa nini nizibe chupa?

"Bado," nikasema.

Nikachukua chaki nikaandika T kubwa. Mguu wa T ukapinda.

Satur akaitazama ile T. "Haya," akasema. Akavaa kofia, akatoka, akaufunga mlango taratibu. Ningefurahi kama angeubamiza.

"Nipe na mimi nionje," akasema Doña Casilda.

"Hapana," nikasema, nikalipigilia pipa kizibo chake.

"Aha," akasema yule bibi, akainuka na fimbo yake.

Sasa, San Pedro. Tarehe ishirini na tisa Haro nzima inapanda mlima wa Bilibio, imevaa nyeupe, leso nyekundu shingoni. Inasali kwenye kikanisa cha San Felices pale mwambani, halafu inamwagiana divai mpaka hakuna mtu mweupe tena. Kwa ndoo, kwa viriba vya ngozi, kwa bastola za maji, kwa mabomba ya mgongoni ya kupulizia mizabibu. Divai ya kumwagiana ni ile iliyoharibika, bila shaka. Sisi ni wendawazimu, lakini si wajinga. Kila ghala linatoa yake. Kwetu, kazi ya kuipakia ilikuwa ya mzee Eusebio, aliyezijua alama zangu kama anavyoijua Baba Yetu. Mwaka huu magoti yake yaligoma, nikamwita Goyo.

Goyo ni mtu wa shamba. Kila mzabibu wetu anaujua ukoo wake. Lakini ghalani haingii. Kule chini kunamtia kiwewe tangu nilipomfungia humo kwa mzaha akiwa na miaka sita, na kosa hilo nalikubali, ni langu. Alinipigia simu saa moja asubuhi kutoka mlangoni, mimi nikiwa mbele ya kioo najaribu kuyaosha macho yaliyovimba kwa kulia.

"Dada, nichukue lipi?"

"Lile la kutupwa. Nimeliandika usoni, safu ya ukutani. Tia pampu, jaza tangi la trekta, ondoka."

"Na taa zikizimika nikiwa ndani?"

"Goyo! Una miaka hamsini na moja!"

Akakata simu. Baadaye aliniambia kwamba aliingia mbio, akatoka mbio, na kote alikuwa akiimba wimbo wa kanisani.

Nilifika Bilibio misa inaisha. Konokono walikuwa tayari wanachemka kwenye masufuria, mchuzi wa nyanya na pilipili unanukia mlima mzima. Doña Casilda alikuwa amewekwa kwenye kiti chake kando ya sufuria, koti la mvua mpaka kidevuni, mwavuli juu, kama kila mwaka. Hakuna aliyewahi kuthubutu kumlowesha. Na Satur alikuwepo. Alikuja kuuaga mji, nadhani. Alisimama pembeni na shati lake la Jumapili, kiriba mkononi, hamlengi mtu. Nilimwona, naye akaniona, nami, shujaa mkubwa, nikapinda upande mwingine.

Fataki ikalipuka.

Mungu wangu, raha ya dakika ile haielezeki, hata kwa mtu aliyelia usiku kucha. Mama muuza mikate alinimwagia ndoo nzima mgongoni huku akiniita kipenzi. Ilikuwa siki tupu, ya ghala la jirani, baridi kama ulimi wa samaki. Nikapiga yowe, nikanyakua ndoo ya mtu, nikamlipa. Muuza nyama akaja na bastola ya maji, nikamtegea mguu akaketi topeni, watu watano wakamvamia. Watu wanacheka, wanateleza, wanashikana wasianguke na kwa hiyo wanaanguka wote pamoja. Nilisahau treni. Nilisahau T. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma, na ndipo Goyo akatokea na bomba lake la mgongoni, lile la sikukuu ambalo halijawahi kuguswa na dawa, akanipulizia usoni, pssssss, kutoka paji mpaka kidevu.

"Hiyo ya kunifungia ghalani!" akapiga kelele.

Nikalamba midomo.

Cheri. Ngozi ya tandiko. Kabati la bibi. Nazi. Moshi.

Pipa la saba!

"Simameni!" nikalia. "Msimwage! Jamani, simameni!"

Hakuna kitu cha kipumbavu kama kuwaambia watu wa Haro wasimame siku ile. Nilijibiwa kwa ndoo tatu. Nikaparamia kilima kuelekea trekta, nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena. Pale juu niliona tangi, na foleni ya watu wakichota: ndoo, beseni, kofia, kiatu. Pipa zima! Chupa mia tatu! Miaka tisa ya mshumaa na magoti yangu, inaruka hewani kama mvua, inaingia masikioni mwa watu, inatiririka kwenye mifereji ya migongo.

Wa kwanza kushtuka alikuwa muuza nyama. Alikuwa amefungua kinywa ili anitukane, ikamwingia. Akafumba kinywa. Akasimama na macho yake yamegeuka juu.

"Ngojeni," akasema. "Ngojeni kidogo. Hii si siki."

Mama muuza mikate akaonja kiwiko chake. Halafu akakionja tena, polepole. Halafu akaanza kukamua sketi yake ndani ya kikombe.

Habari ikasambaa haraka kuliko moto wa majani makavu. Vita vikageuka. Watu waliokuwa wanakimbia divai sasa wakaikimbilia, vichwa nyuma, midomo wazi, kama vifaranga. "Nipige hapa! Hapa, mdomoni, we kipofu!" Mume alimlamba mkewe shingo mbele ya umma, na hakuna aliyeshangaa, jirani yake naye akamlamba yule yule, na hapo pakazuka maneno. Padri, kanzu imekuwa zambarau, alikuwa amesimama chini ya Goyo, mikono ameikunjua kama yuko altareni. "Ongeza, mwanangu," akasema. "Ongeza."

Nikamkamata Goyo kwa mkanda wa bomba.

"Mwendawazimu wewe! Umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Nimefanya ulichosema, dada! T ile moja ya ukutani! *Tirar!* Tupa!"

Kwa lugha yetu neno la kutupa nalo linaanza na T. Miaka ishirini na sita, na halikunijia kichwani hata siku moja.

"T ni bado!" nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. "*Todavía!* Bado! La kutupwa lina msalaba!"

"Msalaba?" Goyo akanitazama kama mimi ndiye niliyerukwa na akili. "Mimi nikatupe kitu chenye msalaba, siku ya San Pedro? Nipigwe radi?"

Ndipo nikageuka. Walikuwa wametuzunguka wote, wanadondokwa na divai, wananitazama.

"Bado?" akasema muuza nyama. "Visi. Hii ndiyo ya lile pipa? Hii ndiyo *bado*?"

"Hii?" akasema mama muuza mikate, kikombe kifuani. "Hii imeiva, imehitimu, na imepata pensheni!"

Mtu mmoja akacheka, halafu mia. "Imeiva!" akapiga kelele mmoja huko nyuma. Wakaanza kupiga miguu chini, tope linaruka. "I-me-i-va! I-me-i-va!" Goyo, msaliti, akapanda juu ya trekta akawa anawaongoza kwa mikono. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale kwenye tope la Bilibio, Haro nzima ikiimba. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, siwezi kusema lipi lilikuwa zaidi.

Umati ukapasuka, Satur akapita katikati. Lile shati halikuwa na weupe hata wa kuchovya kidole. Alivuta ncha ya sharubu mdomoni, akainyonya, akafumba macho.

"Huu ni moto wangu," akasema polepole. Akafumbua macho. "Iliiva lini?"

Ningeweza kusema leo. Angeamini. Ni mtu wa kuamini.

"Mwaka juzi," nikasema.

"Uuuuh," ukasema umati.

"Miaka miwili," akasema Satur. "Miaka miwili nakuja na kofia yangu mkononi, na wewe unajua."

"Najua."

"Kwa nini, Visi?"

"Niliogopa kuiziba."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Mapipa nayaelewa," akasema. "Wewe nimeshindwa." Akavaa kofia yake. Ilikuwa imejaa divai, ikammwagikia usoni, na hakuna aliyethubutu kucheka. Akageuka, akaanza kuteremka njia ya kurudi mjini.

"Visi!" Ilikuwa sauti ya Doña Casilda, chini ya mwavuli wake. Safari hii hakuliambia dari, dari halikuwepo. "Yaliyomwagika hayazoleki. Lakini mwangalie mdogo wako mgongoni."

Nikamwangalia Goyo mgongoni. Ndani ya bomba, chini kabisa, kitu kilikuwa kinacheza.

"Vua," nikasema.

"Dada, hii ndiyo ya mwisho, nilikuwa nimejiwekea..."

"Vua!"

Akavua. Kando ya sufuria ya konokono palikuwa na chupa tupu. Nikaikung'uta, nikaingiza mdomo wa bomba, nikabonyeza. Psss. Psss. Ikapanda mpaka mabegani, ikaingia shingoni, ikaishia kidole kimoja kutoka juu, mahali pake hasa, kama ningeipima. Kizibo ninacho siku zote. Sijatoka nyumbani bila kizibo mfukoni kwa miaka ishirini na sita. Nikakiweka mdomoni mwa chupa. Mkono ukasita. Nakiri, hata hapo ulisita. Kisha nikakisukuma kwa kiganja, nikakigongagonga kwa jiwe dogo mpaka kikazama chote.

Nikakimbia. Njia ya Bilibio ni mteremko, na siku ile ilikuwa utelezi mtupu. Nilikimbia hatua kumi, zilizobaki nilizikamilisha kwa makalio, chupa nimeiinua juu ya kichwa isiguse chini, nikipiga kelele, "Satur! Satur! Sogea! Hapana, usisogee!" Nikafika miguuni pake, nikakoma kwa sababu yeye alinizuia.

Nikamnyooshea chupa kutoka pale chini.

"Nini hii?"

"Pipa la saba. Lililobaki."

"Unataka uionje tena?"

"Siwezi. Nimeiziba."

Akaichukua. Akapitisha dole gumba juu ya kizibo, kama anavyopitisha kwenye kiungo cha mbao mbili. Kilikuwa kimekaa sawasawa na mdomo wa chupa.

"Umeiziba," akasema.

"Kwa mkono wangu. Goyo shahidi."

"Kwa hiyo imeiva. Unakubali."

"Bado," nikasema.

"Visi!"

"Nisikilize kwanza, mwanamume wewe! Divai ikitoka kwenye mwaloni ikaingia chupani huwa imeduwaa. Na hii imepita kwenye bomba la Goyo! Lazima ilale. Miaka mitatu, kwa uchache. Ilazwe kwa ubavu, mahali pa giza, pasipo na joto, pasipo na watu wa kuishtuashtua."

"Jerez kuna joto," akasema polepole.

"Ndiyo maana haiwezi kwenda Jerez."

Akafikiri. Divai ilikuwa inamdondoka kwenye masharubu, tone baada ya tone, juu ya magoti yangu. "Ilale wapi, basi? Ghalani?"

"Ghalani Goyo ataikuta."

"Wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Kitanda cha nani?"

Kelele za kule juu nilizisikia kwa mbali sana.

"Chetu," nikasema.

Satur akainama. Alininyooshea mkono akaniinua topeni. Kisha akaigeuza chupa, akailaza kwa ubavu juu ya mkono wake, ili divai iguse kizibo, akaanza kutembea kuelekea mjini, hatua ndogondogo, macho kwenye mawe, asije akaitikisa. Nikamfuata. Nyuma yetu Goyo alikuwa amesimama juu ya trekta, viganja mdomoni.

"Dada!" akapiga kelele, mlima mzima unamsikia. "Amesemaje?"

"Punguza sauti," nikamwambia. "Divai imelala."